Huyo wa pichani siyo kulungu na jamaa yetu siyo jangili: tuongee kuhusu uwindaji wa upinde Marekani

Kila ikifika Novemba picha zinaanza kuzunguka. Jamaa yetu aliyeko Ohio au Kentucky au Iowa kavaa nguo za mabakamabaka kama mwanajeshi, kapiga goti kwenye majani makavu, pembeni yake mnyama mwenye pembe zilizotoa matawi, na mkononi kashika kitu ambacho ukiambiwa ni upinde unakataa maana kina magurudumu. Ikiingia kwenye grupu la familia maswali ni yaleyale. Huyo si kulungu? Hawamkamati? Mbona pale kijijini mtu alikutwa na paja la swala akalala ndani? Mshale mtupu unaua mnyama mkubwa hivo au kuna sumu? Na wapo wanaoandika moja kwa moja kwamba kaka kawa jangili ughaibuni.

Naishi Ohio mwaka wa tisa huu. Mimi mwenyewe siwindi, ila nafanya kazi na mzee mmoja ambae anawinda kwa upinde tangu ana miaka 12, na misimu miwili iliyopita amenichukua nikakae nae porini. Nilichoona huko kimenifanya nielewe kwamba picha ile inatuchanganya kwa sababu kila kitu ndani yake kina jina la kwetu ambalo haliingii vizuri: mnyama tunamwita kulungu, kuua mnyama wa porini tunaita ujangili, na upinde tunafikiria ule wa Wahadzabe. Nianze na mnyama.

Kulungu wetu, yule mwenye mistari na madoa meupe mwilini, ni ndugu wa swala, pofu na hata ng'ombe. Pembe zake ni mfupa ndani na gamba gumu kwa nje, gamba la aina ya kucha zako, na akishaziotesha anazo mpaka kufa. Huyu wa Marekani ni ukoo mwingine kabisa ambao Afrika Mashariki haupo, ndo maana hatuna jina lake la kila siku. Waliotafsiri Biblia walimwita ayala, yule wa Zaburi anayetamani mito ya maji, na mi nitatumia hilo japo Waswahili wengi wa huku wanasema tu dia. Pembe za ayala ni mfupa mtupu, kwa kawaida anazo dume peke yake, na kila mwaka zinadondoka baada ya msimu wa kupandana, alafu kuanzia majira ya machipuko zinaota upya zikiwa zimevikwa ngozi laini yenye manyoya mpaka zikikomaa ndo anaisugua kwenye miti inatoka. Yani pembe zote zile unazoziona pichani zimeota ndani ya miezi michache tu. Wapo ayala wa aina nyingi, huyu ni ayala mkia-mweupe, anaitwa hivo kwasababu akistuka anasimamisha mkia na chini yake ni mweupe pee kama kitambaa, wenzake wakiona wanajua kuna hatari. Anapatikana kuanzia kusini mwa Kanada mpaka Amerika ya Kusini huko Peru.

Sasa hapa kuna historia ambayo bila kuijua huwezi kuelewa kwanini serikali inawaruhusu watu wamuue. Mwishoni mwa miaka ya 1800 ayala alikuwa anakaribia kuisha Marekani. Watu waliwinda kwa biashara, nyama inapakiwa treni inapelekwa mijini kuuzwa, ngozi nazo zinauzwa, misitu inakatwa, na hakuna wa kumzuia mtu. Inakadiriwa kufika mwaka 1900 walibaki kama laki 5 nchi nzima, na hapa Ohio miaka michache baadae walikwisha kabisa. Mwaka huohuo 1900 ikapita sheria ya kitaifa inayoitwa Lacey Act, ikakataza kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine wanyama waliowindwa kinyume cha sheria, majimbo nayo yakafunga uwindaji au yakauwekea misimu, wengine wakahamishwa kutoka sehemu walikobaki wakaachiwa kwingine. Leo wanakadiriwa kama milioni 30.

Na milioni 30 siyo habari njema tupu. Mbwa mwitu wa huku (wolf) na simba wa milimani (puma) waliokuwa wanamla wameondolewa sehemu kubwa ya mashariki ya nchi, jike anazaa kila mwaka na mara nyingi anazaa pacha, alafu mitaa yetu hii yenye bustani na vijisitu katikati ya nyumba ndo mazingira anayoyapenda. Magari yanawagonga zaidi ya mara milioni 1 kwa mwaka, kama unaendesha Ohio usiku mwezi wa 11 unajua ninachosema, macho yanawaka pembeni ya barabara na moyo unaruka. Wanakula miche msituni mpaka miti mipya haikui. Kwahiyo swali la serikali za majimbo siyo tena kama wawindwe, ni wangapi wawindwe, wapi, na lini.

Hapo ndo tunafika kwenye ujangili. Ujangili siyo kuua mnyama pori, ujangili ni kuua mnyama pori bila ruhusa ya mwenye nae au kwa namna aliyoikataza, na hii ni kweli Tanzania na ni kweli Ohio. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977 kwahiyo kule mlango umefungwa, Tanzania mlango upo lakini una leseni, vitalu, na sheria ya wanyamapori ya 2009, na yule aliyekutwa na paja la swala alikamatwa kwasababu hakupita mlangoni. Marekani ayala wa porini siyo mali ya mwenye shamba hata kama amelala kwenye shamba lake, ni wa wananchi wote na serikali ya jimbo ndo msimamizi. Ili umwinde kwa kawaida unahitaji leseni, na kama ni mara ya kwanza Ohio kwa kawaida wanakutaka usome kozi ya usalama wa uwindaji kabla hujauziwa hiyo leseni. Alafu leseni peke yake haitoshi, unanunua na tagi. Tagi ichukulie kama tiketi ya basi la mkoani: siti moja, abiria mmoja, safari moja. Ukishaua ayala mmoja tagi ile imekwisha, unaijaza, unaripoti kwa jimbo kwa simu au mtandaoni, na idadi ya tagi unazoweza kununua inategemea uko eneo gani na wanyama wamezidi kiasi gani. Ukiua wa ziada, ukiua usiku, ukiua nje ya msimu, ukiingia shamba la mtu bila idhini yake, hapo sasa wewe ni jangili hata kama umezaliwa hapahapa, na askari wa wanyamapori wanafuatilia kweli, wanatoza faini, wanachukua silaha, wanakufutia leseni, na majimbo mengi yamekubaliana kwamba ukifungiwa moja unafungiwa na mengine.

Kingine ambacho ndugu zetu hawakijui: nyama ya ayala wa porini hairuhusiwi kuuzwa. Jamaa hafanyi biashara. Anaweza kula, kugawa, kupeleka kwenye mipango ya kulisha wenye uhitaji ambayo ipo mingi, lakini akiuza kilo moja amevunja sheria, na hiyo inatokana moja kwa moja na yale ya kabla ya 1900, kwamba kilichommaliza mnyama ni soko. Ile unayoiona kwenye menyu ya mgahawa ni ya kufugwa, nyingi inatoka New Zealand. Na hela ya kuwatunza hawa wanyama inatoka kwa wawindaji wenyewe kwa sehemu kubwa, kupitia leseni na kupitia sheria ya mwaka 1937 inayoelekeza huko kodi ya asilimia 11 ya bunduki ndefu na risasi, baadae vifaa vya upinde navyo vikaingizwa.

Haya, upinde. Kuna misimu tofauti kwa silaha tofauti. Msimu wa bunduki ni siku chache, wa upinde ni miezi, hapa Ohio unaanza mwishoni mwa Septemba unakwenda mpaka mwanzoni mwa Februari. Watu wanauliza kwanini upinde upewe muda mrefu hivo na jibu ni jepesi, kwasababu wengi wanarudi nyumbani mikono mitupu, wanyama hawaishi hata msimu ukiwa mrefu. Jimbo la kwanza kutenga msimu wa ayala kwa ajili ya upinde tu ni Wisconsin, mwaka 1934. Na kuna sababu ya mitaani pia, vitongoji vingi haviruhusu bunduki kwasababu risasi inakwenda mbali ikikosa, mshale unaishia chini hapohapo, ndo maana unaweza kumwona jirani na upinde kwenye kijisitu nyuma ya nyumba na polisi hawaji.

Yale magurudumu sasa. Upinde wa asili ni fimbo na uzi, uzi ambao wazee wanauita upote, na kadiri unavyovuta ndo unavyokuwa mzito, mpaka mwisho kabisa unapotaka kulenga ndo mkono unatetemeka kuliko mahali pengine pote. Mmarekani mmoja wa Missouri anaitwa Holless Wilbur Allen akaja na wazo miaka ya 1960, akapewa hataza 1969, la kuweka magurudumu ambayo ekseli yake haiko katikati kwenye ncha za upinde. Fikiria unasukuma mkokoteni umejaa ndoo za maji kupanda mlima. Njiani unalia, ukifika pale juu tambarare unaweza kuushika kwa mkono mmoja ukapumzika, lakini maji yote yameshapanda na ukiuachia urudi ulikotoka utashuka na nguvu yake yote. Ndicho kinachofanyika hapa: unavuta uzito wa kama kilo 27, magurudumu yakigeuka mpaka mwisho mkononi unabaki umeshikilia kama kilo 5 au 6 tu, unatulia unalenga, ukiachia mshale unapata nguvu ya zile 27. Wapo wanaokataa magurudumu wanatumia upinde mtupu wa zamani, na kuna krosibo, ule uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki na una kifyatulio, majimbo mengine yanairuhusu kwa wote na mengine yanaibana.

Lakini hata ukiwa na upinde wa bei ya pikipiki, tatizo la msingi halijaondoka, na kwangu hili ndo moyo wa jambo zima. Mshale uko taratibu kuliko sauti. Mshale wa upinde wa kisasa unakwenda kama mita 85 kwa sekunde, sauti inakwenda kama mita 340. Mnyama akiwa mita 18, yani hatua kidogo nje ya boksi la penati ukiwa wewe ni golikipa uliyesimama kwenye mstari, mshale unafika baada ya sekunde 0.2 hivi, na mlio wa uzi umeshamfikia kabla. Akiwa mita 36 mshale unachukua zaidi ya sekunde 0.4. Inaonekana ni kufumba na kufumbua ila kwa ayala ni muda mwingi sana, akisikia mlio anakunja miguu anashuka chini ili apate nguvu ya kuruka, na ule mshale uliolengwa kifuani unapita juu ya mgongo au mbaya zaidi unampata pasipostahili. Hakwepi kwa kuuona mshale, anafanya tu kile ambacho mwili wake unafanya ukistuka. Kwahiyo mwindaji wa upinde hana namna, lazima asogelewe, na karibia kila kitu kingine anachofanya kinatokana na hilo.

Anapanda juu ya mti. Kuna majukwaa madogo ya chuma yanafungwa kwenye shina mita 5 au 6 juu, kwa Kiswahili tuna neno zuri tu, dungu, kama lile la kulindia mpunga na mahindi. Ayala hana tabia ya kutazama juu sana na harufu ya mtu ikiwa juu inampita. Maana adui mkubwa wa mwindaji ni pua ya ayala, siyo macho. Upepo ukitoka kwako kwenda kwake imekwisha, umepoteza siku. Mzee huwa hatoki nyumbani kabla hajaangalia upepo unaelekea wapi, ana madungu matatu sehemu tofauti na anachagua la kukaa kutokana na upepo. Na kitu kinachoumiza wawindaji hawa kuliko vingine siyo mishale wala wanyama, ni kudondoka kutoka kwenye dungu, ndo maana anavaa mkanda wa usalama wa mwili mzima kuanzia anapoweka mguu wa kwanza kwenye ngazi, na mimi alinivalisha wangu mwenyewe akaukagua mara mbili.

Tulikaa giza bado halijaondoka, Novemba, baridi ya kuuma meno. Novemba ndo msimu wa kupandana, madume yanayofichwa na usiku mwaka mzima yanaanza kutembea mchana yakifuata majike, kinachowaongoza ni urefu wa mchana unavyopungua na siyo baridi kama wengi wanavyosema. Saa moja na nusu likapita dume kubwa, pembe kama mti wa mpera, umbali labda mita 50. Mzee hakugusa hata upinde. Nilipomuuliza baadae akasema mbali. Basi. Saa tatu likaja jike, likawa linakula njugu za mwaloni taratibu linasogea, likafika kama mita 17, likapitisha kichwa nyuma ya shina la mti na hapo ndo mzee akavuta, kwasababu ukivuta likikuona limekwenda. Akasubiri ligeuke ubavu. Akaachia.

Watu wanadhani mshale unaua kwa kupiga, kama risasi au rungu. Hapana. Kichwa cha mshale, kigumba, cha kuwindia kina wembe mbili, tatu au nne, unaua kwa kukata mishipa na mapafu damu itoke haraka. Ukipita mapafu yote mawili ayala anakimbia mita hamsini, mia, anadondoka ndani ya sekunde chache, mara nyingine kabla hajajua kilichompata. Sumu haipo na sheria za karibu majimbo yote zinaikataza. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanapaka mishale ya wanyama wakubwa sumu ya mimea, Wakamba na Waata nao walisifika kwa sumu zao, ni elimu ya zamani na nzito, ila huku kazi yote imeachiwa wembe, kwahiyo mahali mshale unapoingia ndo kila kitu. Ndo maana mzee alisubiri ubavu, mnyama aliyekutazama usoni ana mfupa wa kifua mbele na mapafu yamejificha, ni mshale wa mtu asiyejali.

Na hapa sitaki kupamba, wapo wanaopigwa vibaya. Mshale ukiingia tumboni mnyama anaweza kwenda mbali na kufa baada ya masaa mengi kwa mateso, na wapo wasiopatikana kabisa. Mwindaji wa kweli anaishi na hofu hiyo, ndo sababu ya mazoezi miezi mitano nyuma ya nyumba, ndo sababu ya kuacha dume la mita 50 lipite.

Jike lilirusha miguu ya nyuma likakimbia. Nikataka kushuka, mzee akanishika bega, akatundika upinde, akaangalia saa. Nusu saa. Ukimfuata mapema akiwa bado yuko hai anapata nguvu ya kuamka na kwenda mbali, akiachwa analala karibu. Kama unashuku umempata tumboni unasubiri masaa 6, 12, hata mpaka kesho. Baada ya nusu saa tukashuka, mshale ulikuwa umechomeka kwenye udongo upande wa pili, damu yake ya waridi yenye mapovu. Mapovu ni hewa, ni mapafu. Ingekuwa nyeusinyeusi tungesema ini, ingekuwa na vimajani na harufu tungepanda gari tukarudi nyumbani kusubiri. Tulihesabu hatua 70, lilikuwa limelala chini ya mti. Mzee akavua kofia akakaa nalo kimya kidogo, alafu akatoa simu akaripoti.

Wengi wanauliza kwanini jike, si wanataka pembe? Wapo wa pembe, ndio. Lakini dume moja linapanda majike mengi, ukipunguza madume tu mwakani watazaliwa walewale, kwahiyo pale jimbo linapotaka idadi ishuke linatoa tagi nyingi za majike.

Ndugu zangu Waislamu wananiuliza kama inaliwa. Mi siyo shekhe, ila msingi wake unajulikana tangu hadithi ya Adi bin Hatim, sahaba wa Mtume: utaje jina la Mwenyezi Mungu unapoachia, mshale uingie kwa makali yake na siyo kugonga kwa ubavu, na ukimkuta bado yuko hai umchinje. Kuhusu kilichowindwa na asiye Muislamu hapo mwulize shekhe wako kabla hujapokea.

Na lile la habari kuhusu ayala zombi. Ugonjwa upo, wanauita CWD, unakula ubongo wa ayala polepole anakonda, anatoa mate, anapoteza woga. Ulionekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, kwa ayala wa porini wa Ohio 2020. Hausababishwi na virusi wala bakteria bali protini iliyoharibika umbo, na moto wa jikoni hauiui. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, lakini mamlaka za afya zinashauri ayala wa maeneo yenye ugonjwa apimwe kabla ya kuliwa na akikutwa nao asiliwe. Kwahiyo mtu akikupa paja, mwulize kampiga wilaya gani na kama kampima, siyo kumdharau, wenyewe wanaulizana hivohivo. Kupe nao wanalaumiwa kwa ayala, na ni kweli kupe wakubwa wanamnyonya ayala na kuzaliana, ila ugonjwa wa Lyme, ule wanaowaambukiza watu wakiwauma, wenyewe wanaupata zaidi kwa panya wa porini wakiwa wadogo. Ukitoka msituni jikague, mapajani, kwapani, nyuma ya magoti.

Mzee alinipa paja la nyuma. Nyama yake nyekundu sana, haina mafuta kabisa, mara ya kwanza niliichoma kama ya ng'ombe ikakauka. Mara ya pili niliiloweka ndimu na tangawizi usiku kucha, nikaichemsha taratibu moto mdogo karibu masaa matatu, mwisho nikamwagia tui la nazi.